Mimea ya tangi la samaki inaoza baada ya kupandwa: nifanyeje?

Swali: Nina tangi la samaki lenye urefu wa sentimita 60 na upana wa 30. Chini nimetandaza changarawe ya rangi yenye punje kubwa, kina chake kama sentimita 2. Nilinunua mimea hai ya aina nne: Echinodorus, Cryptocoryne, Vallisneria na Anubias. Niliipanda pamoja na vikopo vyake nikihofia kuisumbua mizizi, nikaifukia vizuri isije ikaelea, na taa naiwasha saa 12 kwa siku ili mimea ipate nguvu. Wiki mbili tu majani yamelainika, yanapitisha mwanga, mengine yameng'oka na kuelea. Anubias imeoza kwa chini, Vallisneria zinang'oka kila kukicha, na kioo kimejaa mwani. Je, ninunue udongo maalumu na mtungi wa gesi ya kabonidioksidi, au nirudi kwenye mimea ya plastiki?

Jibu: Usinunue gesi, wala usirudi kwenye plastiki. Kwa jinsi ulivyoeleza, mimea yako haikukosa gesi. Iliharibikiwa na namna ilivyopandwa, na baadhi ya hiyo unayoihesabu kuwa imekufa huenda bado iko hai chini ya changarawe. Kwa hiyo leo usitupe kitu. Nyanyua kila mmea taratibu uangalie pale majani yanapokutana na mizizi. Mahali hapo nitapaita shingo ya mmea, maana nitapataja mara nyingi. Pabonyeze kwa vidole viwili. Pakiwa pagumu, mmea una uhai hata kama haukubakiwa na jani hata moja, na utachipua. Pakibonyea na kuacha ute wenye harufu mbaya vidoleni, huo umekwisha.

Kagua na mizizi. Mzizi mzima huwa mweupe au wa rangi ya maziwa. Uliozeeka unaweza kuwa wa kahawia, lakini ukiuvuta unakaza. Mzizi uliooza ukiuvuta, ngozi yake ya nje inachopoka yote na mkononi unabaki uzi mwembamba tu. Ukikutana na uzi wa namna hiyo, kata kurudi juu mpaka ufike sehemu ambayo bado ni ngumu.

Sasa tuseme kwa nini majani yaligeuka hivyo, kwa sababu usipolielewa hili utaendelea kung'oa mimea iliyo hai ukidhani imekufa. Mimea mingi ya majini inayouzwa hukuzwa kwenye vitalu nje ya maji, mizizi ikiwa kwenye unyevu na majani yakiwa hewani. Wenye vitalu wana sababu nzuri: hewani mmea hupata kabonidioksidi bila tabu, hukua upesi, na haushikwi na mwani. Echinodorus wa Amerika Kusini, Cryptocoryne wa Asia na Anubias wa Afrika Magharibi na ya Kati wote wanaweza maisha hayo, kwani asili yao ni kingo za mito na vinamasi, mahali ambapo maji hupanda na kushuka kwa misimu. Lakini jani lililoota hewani si jani la majini. Lina ngozi yenye nta inayolizuia lisikauke, na lina vitundu vya kupitishia hewa. Likizamishwa, nta hiyo hiyo inageuka kizuizi, na gesi nazo ndani ya maji husambaa polepole mno, takriban mara 10,000 polepole kuliko hewani. Mmea unapojikuta katika hali hiyo hauhangaiki kuyaokoa majani yake ya zamani. Unavuta kutoka kwayo virutubisho vinavyoweza kuvutwa, unavipeleka kwenye chipukizi la katikati, na kuanza kutoa majani mengine, membamba na laini, yanayoweza kunywa gesi moja kwa moja kutoka kwenye maji. Yale makuukuu yanabaki maganda yanayopitisha mwanga, ndiyo hayo uliyoyaona.

Kwa sababu hiyo mmea mpya haupimwi kwa majani uliokuja nayo. Upime kwa jani lake changa kabisa, lile la katikati. Likiwa dogo lakini bichi na limesimama, mambo yanakwenda vizuri, hata kama yanayolizunguka yote yamechakaa. Mimea inayotupwa kabla ya wakati ni mingi kuliko inayokufa, na inanisikitisha kila ninapoona mtu ameng'oa Cryptocoryne wakati chipukizi jipya lilikuwa limebakiza siku chache tu kutokeza. Huo mmea hasa ndio wa kuusubiri. Ukibadilishiwa maji, mwanga au joto kwa ghafla, unaweza kuyaachia majani yake yote ndani ya siku chache yakayeyuka. Mizizi ikiachwa palepale bila kuguswa, baada ya wiki mbili hadi nne hivi unachipua upya. Ukiung'oa ili kuuangalia, umeurudisha mwanzo.

Majani yanayokufa yakate kwa mkasi karibu na shingo, usiyavute kwa mkono, maana jani la Cryptocoryne likivutwa huondoka na kipande cha shingo. Na uyatoe kabisa kwenye tangi, kwa sababu yakiozea humo yanatoa amonia na kulisha mwani. Jambo hili limejulikana tangu ufugaji wa samaki kwenye vioo uanze. Mwaka 1849 mkemia Robert Warington wa London aliweka samaki wawili wa dhahabu na Vallisneria spiralis kwenye chombo kikubwa, akitaka kuona kama mmea na samaki wanaweza kutunzana bila maji kubadilishwa. Majani makuukuu ya Vallisneria yalipooza, maji yakachafuka na mwani ukaota. Akaingiza konokono, wakaula ule uozo, maji yakatakata, na mwaka 1850 akachapisha matokeo yake. Wewe mkasi utakutosha, ila konokono wachache wakijitokeza wenyewe usiwafukuze kwa dawa. Dawa nyingi za konokono zina shaba, na shaba huwadhuru uduvi, na mimea mingine pia.

Turudi kwenye vile vikopo. Nia yako ya kutoisumbua mizizi ilikuwa njema, lakini kikopo ni cha safari na dukani tu. Ndani yake kuna sufi ya nyuzi zilizotengenezwa kwa mawe yaliyoyeyushwa, iliyoshindiliwa mizizi ikawa haina pa kwenda. Ukikizika tangini, mizizi inazunguka mle mle, maji hayapiti vizuri, na katikati panaanza kuoza. Kwa hiyo kila mmea utoke kwenye kikopo chake. Kata kikopo kwa mkasi upande mmoja ukifungue, usivute mmea kwa majani. Sufi iliyobaki ipasue vipande viwili kwa vidole, kisha izamishe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na kuipapasa polepole mpaka nyuzi ziachane na mizizi. Nyuzi zilizojisuka katikati kabisa zichomoe moja moja kwa kibano. Kazi hii ina uvivu wake, lakini ndiyo inayoamua mambo. Zikibaki chache hakuna madhara makubwa; likibaki bonge, litakuja kuibuka juu ya changarawe na samaki wataanza kulidonoa.

Ukishaosha utagundua kwamba kile ulichodhani ni mmea mmoja wa Cryptocoryne ni vimea kadhaa, kila kimoja na shingo yake na mizizi yake. Vitenganishe kwa upole, kila kimoja kipate nafasi yake. Echinodorus mara nyingi huwa mmoja au wawili. Vallisneria kila moja ni ya peke yake, na kama zilifungwa kwa ukanda wa chuma laini au sponji, ondoa, kwa maana ukanda huo huminya shingo zao. Kagua upande wa chini wa majani: ukiona vidonge vya ute unaong'aa, hayo ni mayai ya konokono, na kama huwataki yakwangue.

Kisha punguza mizizi. Watu wengi husita hapa. Mizizi mirefu ya kitaluni ukiilazimisha kuingia ardhini hujikunja, inavunjika na kuozea humo, na kwa vyovyote mingi yake itabadilishwa na mizizi mipya. Ikate ibaki sentimita 3 hadi 5. Mkato safi wa mkasi huchochea mizizi mipya, na mizizi mifupi huingia ardhini imenyooka. Majani ya nje ya Echinodorus yaliyokwisha kuchoka yakate pia, ubakize yale ya katikati, ili shingo isibebe mzigo ambao mizizi iliyopunguzwa haiwezi kuulisha.

Kupanda kwenyewe kunafanyika kwa vidole au, bora zaidi, kwa kibano kirefu. Maji yawe machache, kama sentimita 10 juu ya changarawe, ili uone unachokifanya na majani yasielee yakauvuta mmea. Shika mizizi pamoja kwa ncha za kibano, ingiza kibano kwa kulalia kidogo, si wima, ukipeleka mmea chini kuliko unavyotaka ukae. Fungua kibano kidogo tu, kitikise, kichomoe polepole changarawe ijifunge nyuma yake. Hapo mmea utakuwa umezama mpaka shingoni au kupita. Sasa ushike kwa chini ya majani na uuvute juu taratibu mpaka shingo itokeze. Mvuto huo mdogo una kazi mbili: unanyoosha mizizi ielekee chini, na unahakikisha shingo haikufukiwa. Kwenye Vallisneria shingo ni ile sehemu nyeupe ambapo majani yanaanzia. Yote ionekane juu ya changarawe. Ukifukia shingo, chipukizi linakosa mwanga na maji yanayotembea, linaoza, na majani yote yanachomoka kwa pamoja. Nina hakika hilo ndilo lililozipata Vallisneria zako: ziling'oka kwa sababu zilioza, hazikuoza kwa sababu ziling'oka.

Mmea ukikataa kukaa kwa siku za kwanza, usiuzamishe zaidi. Uwekee kijiwe juu ya upande wa mizizi, pembeni ya shingo, ukitoe baada ya wiki mbili.

Anubias iko peke yake kabisa. Hiyo haipandwi ardhini. Ina rizomu, yaani shina nene la kijani linalotambaa kwa kulala, majani yakitokea juu na mizizi chini. Rizomu ikifukiwa inaoza, ndiyo maana yako ilianzia chini. Kata sehemu yote iliyooza mpaka uone nyama ya kijani au nyeupe iliyo ngumu. Kipande chenye majani matatu au manne mazima kinatosha kuanza upya. Kifunge kwa uzi wa pamba juu ya jiwe au kipande cha mti, usikaze sana, ukiweke mahali penye kivuli. Mizizi itajishika yenyewe na uzi utakuja kuoza. Ukitaka, iache mizizi yake ining'inie na kujipenyeza kwenye changarawe, mradi rizomu iwe juu. Kanuni hiyo ni ya Microsorum na Bucephalandra pia, mimea mingine yenye rizomu, ukija kuinunua. Anubias hukua polepole sana, hivyo ikitoa jani moja kwa wiki kadhaa usione ni ugonjwa.

Sasa changarawe. Sentimita 2 za punje kubwa hazishiki mzizi. Punje kubwa zina mapengo makubwa; kinyesi na chakula vinadondokea ndani na kuozea chini, na mmea hauna pa kukaza. Ndogo mno nayo ni balaa lingine: mchanga laini sana ukiwa mnene hushikamana, maji hayapenyi, oksijeni inaisha, na baada ya miezi unapouchokonoa yanatoka mapovu yenye harufu ya yai viza. Hiyo ni haidrojeni salfaidi, ni sumu kwa mizizi na kwa samaki. Mimea ya majini ina vijia vya hewa ndani ya majani na mashina vinavyoteremsha oksijeni hadi mizizini, na mmea wenye afya huipatia hewa hata ardhi inayouzunguka, lakini mmea mgeni uliopunguzwa mizizi hauwezi kazi hiyo bado. Kwa tangi lako ningechagua punje za milimita 1 hadi 3, kina cha sentimita 5 mbele na 7 au 8 nyuma. Wastani wa sentimita 6 kwa eneo la 60 kwa 30 ni karibu lita 11, na kwa kuwa lita moja ya changarawe kavu huwa na uzito wa kama kilo moja na nusu, tafuta kilo 16 au 17. Rangi ni hiari yako, ila hakikisha haibabuki. Dondoshea siki punje chache zilizokauka: zikitoa povu zina chokaa, zitayafanya maji yawe magumu. Vallisneria haitajali, inayapenda maji ya namna hiyo, lakini usiyaongezee ugumu bila kujua. Changarawe mpya ioshe mpaka maji yatoke safi.

Changarawe haina chakula. Echinodorus na Cryptocoryne hula zaidi kwa mizizi, na tangi jipya halijajaza kinyesi cha kutosha cha kuwalisha. Tumia vidonge vya mbolea ya mizizi: kimoja karibu na kila Echinodorus, na kwenye kikundi cha Cryptocoryne na Vallisneria kimoja kila baada ya sentimita 10 hadi 15. Kisukume kwa kibano hadi karibu na kioo cha chini, kisipasuke juu, maana mbolea ikitoka kwenye maji mwani ndio utakaoifaidi. Rudia kila baada ya miezi mitatu hivi, au kama pakiti inavyoelekeza. Usitumie mbolea ya shambani au ya maua ya chungu. Nyingi zina amonia au urea kwa kiasi ambacho samaki hawakihimili.

Udongo maalumu uliouliza ni kitu kizuri, sipingi, lakini si kwa tangi ambalo tayari lina samaki. Udongo huo wa punje zilizookwa umejaa virutubisho, na aina nyingi hutoa amonia kwa wiki za mwanzo, hivyo tangi huanzishwa likiwa na mimea tu, maji yakibadilishwa mara kwa mara, samaki wakaingia baadaye. Zaidi ya hapo hupunguza ugumu wa maji na hatimaye huchoka, na punje zake humomonyoka ukizichezea. Kwa mimea minne uliyonayo, ambayo yote ni mivumilivu, changarawe na vidonge vinatosha kabisa.

Kuhusu gesi nitasema kwa kifupi. Maji yaliyotulia na hewa ya kawaida huwa na kabonidioksidi chini ya miligramu 1 kwa lita. Wenye mitungi hulenga 20 hadi 30, na kuzidisha huwakosesha samaki pumzi. Kiwango hicho kina maana kwa mimea inayotandaza zulia na ile myekundu yenye kudai taa kali. Yako haihitaji. Na ile dawa ya majimaji inayouzwa kama mbadala wa gesi usiiguse kwa sasa, kwani kiungo chake cha kawaida, glutaraldehidi, kinajulikana kuyeyusha Vallisneria.

Saa 12 za taa zimewapa karamu mwani. Mmea usio na mizizi inayofanya kazi hauwezi kuutumia mwanga wote huo, na kinachobaki kinachukuliwa na asiyehitaji mizizi. Anza na saa 6 kwa siku kwa mwezi wa kwanza, kwa muda uleule kila siku, ikiwezekana kwa swichi ya saa. Majani mapya yakishajaa, panda hadi 7, kisha 8. Zaidi ya hapo sioni faida. Na tangi lisipigwe na jua la dirishani.

Kwa kuwa samaki wako humo tayari, siku ya kazi ipange hivi. Vuta maji ya tangini ujaze ndoo safi yenye mfuniko, wahamishie samaki humo pamoja na pampu ya hewa. Mfuniko ni muhimu, samaki aliyetishika huruka. Sponji ya chujio nayo iwekwe kwenye maji ya tangi, isikauke wala isioshwe kwa maji ya bomba, maana bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitreti wanaishi humo. Wengine wanaishi kwenye changarawe ya zamani, basi usiitupe yote: weka vitanga viwili vitatu kwenye mfuko wa neti, uulaze kwenye kona ya tangi kwa wiki tatu au nne. Usiichanganye na mpya, kwa sababu punje ndogo zitateremka na kubwa zitabaki juu, na utarudi pale pale. Tandaza changarawe mpya, ongeza maji kidogo, zika vidonge, panda. Echinodorus mmoja tu, nyuma kidogo ya katikati. Hukua mkubwa na katika tangi la sentimita 60 wawili watagombana. Vallisneria zipangwe nyuma, zikiachana sentimita 4 au 5, Cryptocoryne katikati na mbele. Wakati ukifanya kazi, nyunyizia maji majani yaliyo hewani; jani la majini hukauka kwa dakika chache. Ukimaliza, laza sahani juu ya changarawe na umimine maji juu ya sahani, polepole, yawe na joto sawa na ya awali na yaliyoondolewa klorini. Mengi yawe ya zamani. Samaki warudi jioni ileile, na kwa siku chache uwape chakula kidogo, ukipima amonia kama una kipimo.

Hukuniambia una samaki gani, na hilo lina uzito. Samaki wa dhahabu na wengi wa jamii ya perege huchimba na kutafuna. Ukiwa na hao, kila mmea uuzungushie mawe, na usitegemee Vallisneria changa. Kambare wadogo wa Corydoras hupekua juu juu tu, lakini wanatosha kung'oa mmea wa jana. Gapi na jamaa zake hawana shida.

Baada ya hapo, mikono itoke tangini. Wiki ya kwanza na ya pili utaona majani yakifa, yakate. Kati ya wiki ya tatu na ya sita jani jipya linapaswa kuonekana, na ukiuvuta mmea kidogo utahisi unakaza. Ukitaka kusafisha chini, pitisha mpira wa kunyonya juu ya changarawe bila kuuchomeka karibu na mizizi. Usihamishe mmea kwa sababu ya urembo ndani ya miezi mitatu ya kwanza, na ukilazimika, jua kwamba vidonge vitatibuka: badilisha maji siku hiyohiyo.

Majani mapya yakishakuwapo, yatakueleza kinachokosekana. Jani changa likitoka la njano na mishipa ikabaki kijani, madini ya chuma ni machache. Majani makuukuu yakiwa njano yote huku machanga yako sawa, mara nyingi ni nitrojeni. Vitundu vidogo vyenye kingo za njano kwenye majani makuukuu huashiria potasiamu, na hiyo huonekana sana kwenye tangi linalotegemea kinyesi cha samaki pekee, kwa kuwa chakula chao huleta nitrojeni na fosfeti zaidi kuliko potasiamu. Lakini usisome dalili hizi kwenye majani ya kitaluni, hayo yatakudanganya.

Vallisneria ikishapona itaanza kutoa vitambazi, nyuzi zinazokimbia juu ya changarawe na kuzaa mmea mpya kila baada ya hatua fupi. Viache viende. Mtoto akishakuwa na majani matano au sita na mizizi yake mwenyewe, unaweza kukata uzi na kumhamishia unapotaka. Zitakuwa nyingi kuliko nafasi, na za ziada wape wafugaji wenzako. Zisizo na mwenyewe zisitupwe mtoni, mtaroni wala ziwani: gugumaji nalo lilianza kusambazwa duniani kama ua la mapambo kutoka Amerika Kusini. Zianike juani mpaka zikauke kabisa, kisha zitie kwenye mboji.